Shemeji ni Shemeji, Hesabu ni Hesabu: Mwongozo wa Kujadiliana na Mtu wa Karibu

Katika mji wa Tanga na pwani yake yote, kuanzia Mkinga mpaka Pangani, ni nadra mtu kujadiliana jambo la fedha na mtu asiyemjua. Mwenye chombo na nahodha wake huwa wameoleana, mpangaji wa chumba cha Ngamiani huwa mtoto wa rafiki wa marehemu baba, na anayekuletea machungwa ya Muheza kwa jumla huwa ndiye aliyesimama mbele katika harusi ya binti yako. Kwa sababu hiyo majadiliano yetu mengi yana mambo mawili ndani yake: kuna jambo lenyewe, yaani fedha, mgawo, mpaka wa kiwanja au muda wa kulipa, na kuna undugu, heshima na kumbukumbu za miaka mingi.

Mambo hayo mawili yakichanganywa, hutokea kosa moja kati ya mawili. La kwanza ni mtu kuiachia haki yake ili asionekane mkorofi, akaondoka akitabasamu na kinyongo kimemkaa rohoni, mpaka siku moja kinyongo hicho kitoke kwa jambo dogo lisilohusika. La pili ni mtu kuidai haki yake kwa kumshambulia mwenzake, akamwita mwizi au mchoyo, na tangu hapo hakuna tena anayezungumzia fedha. Kinachozungumzwa ni nani alimvunjia nani heshima.

Wasomi wa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, ambao tangu mwaka 1979 wana mradi maalumu wa kuchunguza majadiliano, wameiweka kanuni ya kumtenga mtu na jambo mwanzoni kabisa mwa mafundisho yao. Wako wanaoisikia kanuni hiyo wakadhani kwamba inawataka wauweke undugu kando na wazungumze kama watu baki. Ushauri wa namna hiyo haufai kwetu, na naamini haufai popote, kwa kuwa shemeji hawezi kuacha kuwa shemeji kwa saa mbili. Kinachotakiwa ni kila kimoja kipewe mahali pake na wakati wake: maumivu ya moyo yatafutiwe maneno ya kuyatuliza, na hesabu itafutiwe tarakimu. Asitokee mtu akanunua amani ya familia kwa kuachia hesabu, wala asitokee mwingine akamwadhibu ndugu yake kwa sababu ya hesabu.

Mfano tutakaoufuata

Tuchukue chombo cha dagaa kinachoshusha samaki katika diko la Deep Sea. Tajiri wa chombo amemwoza nahodha dada yake. Kwa desturi yao, mauzo yakishapatikana hutolewa kwanza gharama za mafuta, barafu na chakula, kisha kinachobaki hugawanywa nusu kwa nusu, nusu ya chombo na nusu ya mabaharia. Msimu uliopita injini iliharibika, na tajiri akaanza kukata fedha za matengenezo kabla ya mgawo. Nahodha alinyamaza kwa muda mrefu, na alfajiri moja, mbele ya wachuuzi na madalali, akasema, “Unatunyonya.” Tajiri akajibu, “Nimekuoza dada yangu, leo unaniita mwizi?”

Tazama jinsi jambo lilivyogeuka kwa sentensi mbili tu. Lilianza likiwa suala la nani agharimie injini, likaishia kuwa suala la ndoa. Wakikutana jioni katika hali hiyo, hata wakizungumza mpaka usiku wa manane, injini haitapata jibu.

Hatua ya kwanza: karatasi mbili kabla ya kikao

Kabla hujamwendea mwenzako, kaa peke yako na karatasi mbili. Katika ya kwanza andika mambo ya hesabu, na katika ya pili andika mambo ya moyo. Usiandike kwa kumwonyesha mtu. Andika ili ujue unachokidai na kinachokuuma, kwa maana mtu aliyeumia huamini kwamba vyote viwili ni kitu kimoja.

Kila jambo lipime kwa swali hili: je, lingebaki vilevile kama aliye mbele yangu angekuwa mtu nisiyemjua kabisa? Nahodha akijiuliza swali hilo kuhusu fedha za injini zilizokatwa kabla ya mgawo, ataona kwamba jambo linabaki, hata tajiri angekuwa mgeni kutoka mbali. Hilo ni la karatasi ya kwanza. Akijiuliza kuhusu kutoalikwa katika kikao cha mahari ya mpwa wake, ataona kwamba jambo linatoweka, kwa sababu tajiri mgeni hana wajibu wa kumwalika. Hilo ni la karatasi ya pili, na halina nafasi kwenye mgawo wa dagaa.

Ugumu uko kwenye mambo yanayoonekana kuwa ya kote kuwili. Nahodha anaweza kusema, “Hakunishauri alipoanza kukata.” Hapo yamo mambo mawili, na inafaa yapasuliwe: kuna utaratibu, kwamba makato mapya yawe yanatangazwa kabla ya kuanza, na kuna dharau aliyoihisi, kwamba mtu mzima wa umri wake hakuambiwa. Utaratibu uende karatasi ya kwanza, dharau iende ya pili. Kazi hii ya kupasua ndiyo yenye faida kubwa kuliko hatua nyingine zote, na asiyeifanya nyumbani atalazimika kuifanya mbele ya mwenzake huku sauti zikiwa zimepanda.

Ukimaliza karatasi zako, jaribu kuziandika za mwenzako pia. Tajiri huenda ameandika moyoni mwake kwamba injini ilipozima hakuna baharia aliyechangia hata senti, na kwamba maneno ya alfajiri ile yamemshusha hadhi mbele ya madalali anaowauzia kila siku. Huna haja ya kukubaliana naye, lakini ukishayajua hayo hutashangaa akiyataja, na mtu asiyeshangaa hachelewi kutulia.

Hatua ya pili: malizana na la moyo, ila usililipie

Maneno makali yakishatamkwa hadharani, si busara kuanza na tarakimu. Anza na karatasi ya pili, tena faraghani. Mtangulie mwenzako kwa salamu inayostahili, na kama amekuzidi umri, shikamoo isikosekane hata kama unaamini yeye ndiye aliyekukosea. Kisha sema lile linalokuhusu wewe: “Shemeji, yale maneno niliyoyasema mbele ya watu hayakuwa mahali pake. Naomba uniwie radhi. Suala la injini bado lipo, na ningependa tulikalie siku nyingine kwa utulivu.”

Sentensi ya mwisho isiachwe. Kuomba radhi kwa namna ulivyosema si kukiri kwamba ulichosema hakikuwa na msingi, na ni vizuri mwenzako alielewe hilo mapema, asije akadhani jambo limekwisha. Vivyo hivyo wewe unayeombwa radhi: ipokee, na usidai fedha juu yake. Wako watu ambao wakishaombwa radhi husema, “Kama kweli umejuta, basi achia hayo makato.” Huko ni kuuza msamaha, na msamaha ulionunuliwa hudaiwa tena.

Unapoeleza maumivu yako, eleza yaliyokupata badala ya kuhukumu nia ya mwenzako. “Niliumia nilipoyasikia makato kwa mabaharia” ni kauli isiyoweza kukanushwa, kwa kuwa wewe ndiye unayejua kama uliumia. “Ulitaka kunidharau” ni shtaka, na kila anayeshtakiwa hujitetea. Tofauti ni ya maneno machache, lakini kauli ya kwanza humfanya mwenzako asikilize na ya pili humfanya atafute la kujibu.

Hatua ya tatu: siku, mahali na watu

Vyombo vya dagaa huvua nyakati za giza na hupumzika siku za mbalamwezi, na hizo siku za mapumziko ndizo zinazofaa kukaa kwenye hesabu. Mtu aliyekesha baharini hana subira asubuhi. Diko nalo halifai, kwa kuwa lina masikio mengi, na mbele ya masikio mengi kila mmoja husemea hadhi yake.

Nyumbani kwa mmojawapo si pazuri sana pia, hasa katika mfano wetu, ambamo mwanamke mmoja ni dada wa huyu na mke wa yule. Asifanywe mjumbe. Ni kawaida yetu kumtuma mtu kama huyo: “Kamwambie kaka yako...” au “Kamwambie mumeo...” na kila ujumbe anaoubeba humtia lawamani kwa upande mmojawapo. Ana haki ya kujua kinachoendelea, kwa kuwa riziki ya nyumba yake imo humo, lakini haki ya kujua si mzigo wa kubebeshwa maneno ya wanaume wawili wasiotaka kutazamana.

Mkikaa, kaeni upande mmoja wa meza au wa mkeka, karatasi ya hesabu ikiwa mbele yenu nyote wawili. Ni jambo dogo, lakini watu wanaotazama karatasi moja huielekezea hasira karatasi hiyo kabla ya kuelekezeana wenyewe.

Hatua ya nne: jambo liwe tarakimu

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na ugomvi mwingi wa pwani ni wa mali isiyokuwa na daftari. Tufanye hesabu ya mfano, tukichukulia kwamba mabaharia ni 20 na kwamba wanagawana sawa. Mauzo ya giza moja, yaani kipindi kimoja cha uvuvi kati ya mbalamwezi na mbalamwezi, ni shilingi 6,000,000, na gharama za mafuta, barafu na chakula ni 2,000,000. Kinabaki 4,000,000, chombo kinachukua 2,000,000 na mabaharia 2,000,000, yaani 100,000 kwa kila mmoja. Sasa fundi wa injini anadai 1,200,000. Zikikatwa kabla ya mgawo, kinabaki 2,800,000. Kila upande unapata 1,400,000, na kila baharia anapata 70,000.

Kutokana na hesabu hiyo mambo mawili yanaonekana wazi. Tajiri hakuiba, kwa sababu naye amepungukiwa 600,000. Nahodha naye hakusema uongo, kwa sababu mabaharia wamebeba nusu ya matengenezo ya mali isiyokuwa yao, shilingi 30,000 kwa kila mmoja. Neno “unyonyaji” na neno “wizi” yote yanakosa kazi, na mahali pake linakuja swali linalojibika: matengenezo ya injini ni gharama ya safari au ni gharama ya mwenye mali?

Ukishafika kwenye swali la namna hiyo, umefika kwenye jambo lenyewe. Kama bado mnajadili tabia za watu, rudini kwenye daftari.

Hatua ya tano: sababu zilizo nyuma ya madai, na kipimo kisicho cha yeyote

Tajiri anadai makato yaendelee. Nahodha anadai yakome. Wakishikilia hapo, atashinda mwenye sauti au mwenye mali. Ni afadhali kila mmoja aulizwe kinachomfanya adai hivyo, na aulizwe kwa nia ya kujua: “Shemeji, makato haya yakikoma, unahofia nini?” Huenda tajiri akasema kwamba anahofia injini ikifa katikati ya msimu mzuri asiwe na akiba, chombo kikalala. Nahodha naye akiulizwa huenda akasema kwamba mabaharia wazuri wameanza kunong'onezana kuhamia chombo kingine, kwa kuwa hawamwamini tena nahodha asiyeweza kuwatetea. Wote wawili, basi, wanahofia chombo kulala. Hawakuwa wakilijua hilo wakati kila mmoja alipokuwa akitetea dai lake.

Kutoka hapo njia zinaongezeka. Wanaweza kutenganisha matengenezo madogo ya kila safari, kama plagi na oili, yakaingia kwenye gharama za wote, na uharibifu mkubwa ukabaki kwa mwenye chombo. Wanaweza kuanzisha akiba ya injini kwa kiasi kidogo kinachojulikana na kutangazwa kila mwisho wa giza, ambacho kisipotumika hurudishwa kwa pande zote mwishoni mwa msimu. Wanaweza pia kukubaliana kwamba uharibifu unaotokana na uzembe uliothibitishwa na fundi uwe na utaratibu wake.

Ipi kati ya hizo ni ya haki? Asiamue mkubwa kwa ukubwa wake wala mdogo kwa kununa. Waulizeni wenye vyombo vingine vitatu au vinne wa diko hilohilo wanafanyaje, chukueni risiti ya fundi, na pimeni kwa hayo. Mtu anapokubali desturi ya diko hajisikii kwamba ameshindwa na shemeji yake, na kwa mtu wa pwani anayejali heshima yake, kutoshindwa mbele ya shemeji ni nusu ya mapatano.

Hatua ya sita: kuulinda ulimi wakati wa mazungumzo

Hata kikao kikipangwa vizuri namna gani, la moyo litachungulia. Mmoja atasema, “Umesahau nani alikusaidia ulipokuwa huna kitu?” Usikanushe, kwa sababu fadhila ni kweli na kuikana ni utovu wa adabu, wala usiilipe kwa kuachia hoja. Sema: “Sijasahau, na sitasahau, Mwenyezi Mungu akulipe. Hili la makato tulitazame kwa hesabu zake.” Kama amegusa kidonda kipya ambacho hukukijua, kiandike kwenye karatasi ya pili mbele yake, na umwambie kwamba mtakirudia. Kukiandika kunamwonyesha kwamba hujakipuuza.

Shinikizo la upole ni gumu zaidi kulikabili kuliko la ukali. “Sisi ni ndugu, ya nini kuandikiana?” ni kauli tamu, na mara nyingi msemaji wake ana nia njema kabisa. Jibu lenye adabu ni kusema kwamba mnaandika ili watoto wenu wasije wakagombana kwa kutojua mlichopatana.

Kuna kitu kimoja cha kwetu ambacho hakina budi kuachwa nje ya mlango, nacho ni mafumbo. Watu wa pwani tunayapenda, na katika taarabu, kwenye kanga na barazani yana uzuri wake usiopingika. Lakini fumbo kazi yake ni kumchoma mtu bila kulitaja jambo, na majadiliano yanahitaji kinyume chake, jambo litajwe bila mtu kuchomwa. Anayesema “wako wanaokula na vipofu” katika kikao cha hesabu amempa mwenzake sababu ya kukasirika bila kumpa tarakimu ya kujibu. Utani nao unaweza kupoza hasira kwa wale waliozoea kutaniana, ila usiguse fedha inayobishaniwa.

Sauti zikipanda licha ya yote, ombeni mapumziko. Wakati wa sala ni sababu ambayo hakuna atakayeipinga.

Hatua ya saba: pale mnapomhitaji mtu wa kati

Si kila mtu anaweza kusimama mbele ya mjomba wake au baba mkwe wake akasema, “Hesabu yako ina kasoro.” Adabu yetu haimruhusu, na simshauri aivunje. Hapo anahitajika mtu wa kati, na jambo hili hatuhitaji kulijifunza ugenini. Katika posa familia mbili hazikabiliani kuhusu mahari. Mshenga huenda na kurudi, akayapunguza makali maneno, akataja kiasi bila aibu kumwangukia mzazi yeyote. Hekima hiyohiyo inafaa katika mashua, kiwanja na kodi ya chumba. Tafuteni mtu anayeaminiwa na pande zote mbili, asiye na mdai wala mdaiwa kati yenu, na mumweleze wazi kwamba kazi yake si kuhukumu.

Mtu wa kati afanye kazi kwa karatasi moja. Badala ya kuwauliza wenzake nani anakubali dai la nani, aandike yeye rasimu ya mapatano, ampelekee kila mmoja na kumuuliza ni wapi panapomuumiza na kwa nini, kisha airekebishe na kuirudisha, mara nyingi kadiri inavyohitajika. Ndivyo Rais Jimmy Carter wa Marekani alivyofanya huko Camp David mwezi Septemba 1978, kati ya Rais Anwar Sadat wa Misri na Waziri Mkuu Menachem Begin wa Israeli. Baada ya vikao vya mwanzo kugeuka mabishano makali, viongozi hao hawakukalishwa tena ana kwa ana kwa majadiliano. Timu ya Marekani ikaandika matini moja, ikaenda nayo huku na huku na kuiandika upya mara zaidi ya ishirini, na kwa siku 13 mapatano yakapatikana. Kila mmoja alikosoa karatasi, hakulazimika kumkubalia adui yake.

Kuna faida nyingine katika kuyapanga mambo kwa mafungu. Katika usuluhishi wa Kenya mwaka 2008, jopo la Kofi Annan, ambalo Rais mstaafu Benjamin Mkapa alikuwa mjumbe wake, liliyagawa mazungumzo katika ajenda nne, kuanzia kusimamisha vurugu mpaka masuala ya muda mrefu, yakiwemo ya ardhi. Kikao cha familia nacho kinaweza kuanza na lile linalokubalika kwa urahisi, na ya zamani yenye uchungu yakapewa fungu lake.

Pale undugu wenyewe unapokuwa sehemu ya hesabu

Kuna mashauri ambayo kupasua karatasi mbili ni kugumu kwelikweli, na nyumba ya urithi ni mfano wake mkubwa. Tuseme ndugu watano wamerithi nyumba Ngamiani, yenye vyumba vya kupangisha pande mbili za ukumbi. Dada mmoja aliishi humo na kumuuguza mama kwa miaka, akimpeleka Hospitali ya Bombo na kumnunulia dawa, huku wengine wakiwa Dar es Salaam na kwingineko. Mama amefariki. Dada anaona kwamba anastahili zaidi, na wengine wanaona kwamba mafungu ya mirathi yanajulikana.

Ndugu wakimwambia, “Hayo ya kuuguza ni ya moyo, tuyaache,” wamemdhulumu, kwa kuwa dawa zilinunuliwa kwa fedha. Wakimwambia kwamba mapenzi yake kwa mama yana bei, wamemtukana. Kupasua hapa kunataka uangalifu. Gharama zinazoweza kuonyeshwa, kama dawa, nauli na ukarabati wa paa, ziandikwe kwenye karatasi ya hesabu. Kwa familia ya Kiislamu, madeni ya marehemu hulipwa kabla ya mafungu kugawanywa, na hivyo swali la kumpelekea shehe mwenye elimu ya mirathi ni kama fedha zile zilitolewa kwa nia ya kukopesha au kwa hisani. Usiku aliokesha na mama, kazi aliyoiacha na upweke wake viende karatasi ya pili, na vilipwe kwa kile kinachoweza kuvilipa: ndugu wote waje, wakae, wamshukuru kwa kutaja aliyoyafanya, kabla neno “fungu” halijatamkwa. Ndugu wakitaka kumwachia kitu katika mafungu yao kwa ridhaa, wana hiari hiyo, ila iandikwe kuwa ni hiari.

Nimeona ni vema kulitaja hili kwa kirefu kwa sababu familia nyingi huanza kwa kuitisha kikao cha kugawa nyumba, na dada anayekaa humo hulisikia jambo hilo kama kufukuzwa. Baada ya hapo atapinga kila pendekezo, hata lenye manufaa kwake, na ndugu watasema ana tamaa.

Hatua ya nane: andikeni

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haikatai kwa jumla mapatano ya mdomo, lakini kuyathibitisha baadaye ni kazi. Andikeni nani atalipa nini, lini, na mtayapitia tena lini. Wekeni sahihi na mashahidi wa pande zote mbili. Historia ya ugomvi isiandikwe humo hata kwa mstari mmoja.

Pale mwongozo huu usipofaa

Kumtenga mtu na jambo ni kwa watu wenye nia ya kupatana. Kama mwenzako anakupiga, anakutishia au anaghushi hati, mtu huyo ndiye jambo lenyewe, na kumwita kwenye mkeka kutazama tarakimu ni kujiweka hatarini. Nenda polisi, na kwa ukatili wa nyumbani liko Dawati la Jinsia na Watoto. Asiwepo mzee wa kukwambia uvumilie kwa ajili ya undugu.

Penye nia njema lakini mapatano yakashindikana, vyombo vipo. Kwa mgogoro wa ardhi mjini, Baraza la Kata, tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, lina kazi ya kusuluhisha tu, na lisipofanikiwa ndani ya siku 30 shauri linaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kijijini liko Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba ambao watatu kati yao ni wanawake. Mirathi inayofuata mila au dini ya Kiislamu hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, ambayo huteua msimamizi. Kwa mwajiriwa aliyeachishwa kazi na ndugu yake isivyo haki, iko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na asikawie, kwa kuwa muda wa kupeleka lalamiko hilo ni siku 30. Kwenda huko si kuvunja undugu, mradi mwenzako aelezwe mapema na kwa adabu, asije akaipata habari kwa wito.

Baada ya mapatano

Katika hesabu ya kwanza baada ya kuandikiana, isomeni karatasi ya mapatano kwa sauti mbele ya mabaharia wote, hata kama kila mtu anaikumbuka, kisha mgawo ufanyike kama ilivyoandikwa. Halafu itoe ile karatasi ya pili. Yale uliyomwambia mwenzako kwamba mtayarudia, yarudie ndani ya wiki hiyo, tena umfuate wewe nyumbani kwake: kikao cha mahari ambacho hakualikwa, msaada aliokuwa akiutaja, neno lililomuuma. Ukiyaacha kwa kuwa hesabu imekaa sawa, atajua kwamba ulipoandika ulikuwa ukimnyamazisha tu, na mwaka ujao hatakubali tena jambo lolote liahirishwe.